Maji ya Kufulia Udongo

Kazi niliyoipata baada ya chuo ilikuwa kuosha udongo. Mama aliwaambia majirani kwamba niko na watafiti wa mambo ya kale, na hakusema uongo, lakini tulipokuwa peke yetu aliniuliza mara tatu kama hiyo ndiyo kazi niliyoisomea miaka minne. Nilimjibu ndiyo mara zote tatu, na kila mara sauti yangu ilipungua kidogo.

Udongo wenyewe ulitoka kisiwani Pate, katika shimo tulilochimba pembeni mwa shamba, mahali palipokuwa na mji kabla ya miji tunayoijua. Ukiutia udongo wa kale ndani ya pipa la maji na kuukoroga polepole kwa mkono, mchanga na mawe huzama, na vitu vilivyoungua vikawa mkaa huelea juu. Unavipokea kwa wavu mwembamba, unavianika kivulini, kisha unavitazama kwa hadubini. Mara nyingi ni vipande vya kuni na vifuu vya nazi. Siku ukibahatika, ni mbegu. Mbegu iliyooza imepotea, na iliyoliwa imepotea, lakini iliyoungua bila kugeuka jivu hukaa ardhini karne na karne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu chakula cha watu wa kale ni kile walichokiunguza kwa bahati mbaya. Nilipoambiwa hivyo siku ya kwanza nilifarijika, kwamba kosa la jikoni linaweza kuwa na faida. Kufika jioni nilikuwa nimeanza kuwaza ni makosa yangu gani yatakayobaki.

Watu wa kijiji tulichofanyia kazi waliiita kazi yetu kufua mchanga. Mimi walinipa jina la Daktari mdogo, kwa mzaha, kwa kuwa daktari mkubwa alikuwa mwalimu wangu.

Mwalimu alikuwa mama wa bara aliyefika visiwani akiwa kijana kuliko nilivyo mimi sasa, na msimu ule ulikuwa wa mwisho kabla ya kustaafu. Wenzake walipochimba kuta na makaburi na vigae vya vyombo kutoka mbali, yeye aliomba apewe udongo waliokuwa wanautupa. Aliubeba katika magunia ya unga na kuufua. Maisha yake yote ya kazi alifuatilia jambo moja: watu wa visiwa hivi walilima nini, na tangu lini. Mtama alikwisha kuuonyesha, na wimbi, na kunde. Kilichobaki kilikuwa mchele. Aliamini mpunga ulipandwa katika mabonde ya Pate, yale yanayotuama maji mvua zikinyesha, zamani sana kuliko wengine walivyokubali. Wenzake hawakumpinga kwa kelele. Walimwambia tu, kwa adabu na mwaka baada ya mwaka, awaonyeshe punje.

Msimu ule mvua za vuli zilipita bila kunyesha sawasawa. Jabia la kijiji, lile birika kubwa la wazi la kukingia mvua, lilishuka mpaka ngazi za chini zikaonekana, na visima vilitoa maji ya chumvichumvi. Udongo haufuliwi kwa maji ya chumvi. Chumvi ikikauka huzipasua mbegu. Basi kila asubuhi nilikwenda jabiani na ndoo zangu nikasimama pamoja na kina mama waliokuwa na madumu yao. Hakuna aliyenizuia, wala aliyenitazama kwa jicho baya. Walinipisha nichote kwanza, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilikuwa kazini.

Hilo ndilo lililonitesa. Mtu wa mbali angechota akashukuru akaondoka. Mimi ni mtoto wa Amu, kisiwa cha jirani. Najua maji ni nini katika mwezi kama ule, na najua kwamba kwetu mtu hatakwambia umechota mengi; atanyamaza, na utayasoma katika kunyamaza kwake. Kwa hiyo nilisoma. Bibi mmoja aliyekohoa nilimsikia ananisema. Mama aliyefunika dumu lake kwa haraka nilimwona ananificha. Nilianza kwenda jabiani jua likiwa kali, wakati hakuna mtu, halafu nikawaza kwamba sasa wataniona ninaiba.

Wiki ya mwisho mwalimu alitangulia kurudi Amu kutayarisha hotuba. Kulikuwa na kikao cha watafiti Alhamisi iliyofuata, na watu wa mji walialikwa. Aliniachia mifuko michache ya udongo niimalize, na wa mwisho ulitoka chini kabisa ya shimo, tabaka la kwanza la watu wa pale. Mwalimu aliniagiza kwamba nusu ya kila mfuko nisiifue. Iwekwe akiba, ikiwa kavu, imefungwa, kwa sababu kitu hakiwezi kufuliwa mara mbili.

Siku niliyobakiwa na mfuko ule tu, nyumba ya tatu kutoka nilipokaa walikuwa wametoka kwenye arusi. Masufuria makubwa ya wali yalikuwa uani yameroweshwa tangu jana yake ili ukoko ulainike, na kina mama walikuwa wanayamwaga maji yale ardhini. Nilisimama kwenye mlango wa ua na ndoo zangu tupu, nikayatazama maji matamu yakipotea mchangani, na nikaona njia ya kutokwenda jabiani siku ile.

Niliuliza kama naweza kuyachukua. Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini.

"Daktari mdogo ataka mai ya masufuria," alisema mama wa nyumba niliyokaa, aliyekuwa akisugua pamoja nao. "Yana arusini hukushiba, mwanangu? Ungesema tukufungie sahani."

Najua msomaji anashangaa. Nilijua ukoko ni nini. Nilijua kwamba ni mchele ulioungua, na kwamba mimi natafuta mchele ulioungua. Lakini nilikuwa nimelipanga jambo lote kichwani: nitayachuja maji kwa leso iliyokunjwa mara mbili, na hakuna punje inayopita leso iliyokunjwa mara mbili. Nikakimbilia chumbani kuichukua. Niliporudi, wawili kati yao walikuwa wamekwisha kunibebea ndoo ya kwanza hadi pipani na kuimimina, yote, mpaka masalia ya chini. Walikuwa wamenisaidia na walikuwa na furaha. Nikashukuru. Sikuweza kuwaambia mbele ya macho yao kwamba nitalimwaga pipa zima nianze upya, na kwa maji gani tena? Nikainama, nikaokota vipande vya ukoko nilivyoviona vikielea, nikatikisa mkono. Ndoo tatu zilizofuata nilizichuja kwa uangalifu ambao ungempendeza mwalimu yeyote.

Fomu ya kila mfuko ina mstari wa maji yalikotoka. Niliandika: jabia. Na kwa kweli yalitoka jabiani, kabla hayajaingia katika masufuria.

Jumamosi tulikuwa Amu, katika chumba cha juu alichopanga mwalimu, meza ikiwa dirishani kwa ajili ya mwanga. Mimi nilikuwa napanga vibandiko, yeye yuko kwenye hadubini na sahani ya mfuko wa mwisho. Kwa kawaida alizungumza akitazama, alisema "mtama, mtama, kifuu, mtama" kama anayevuta uradi. Akanyamaza. Nikageuka. Alikuwa ameondoa miwani na anaifuta kwa ncha ya mtandio, na miwani haikuwa chafu.

"Njoo uone," alisema.

Zilikuwa nne. Nyeusi, zimevimba kidogo, moja imevunjika ncha. Mchele.

Hakupiga kelele. Alikwenda akafungua dirisha lililokuwa wazi tayari, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akamwagiza mtu wa chini alete kahawa na kashata, akala kashata mbili, yeye aliyekuwa na sukari. Nilimwambia hongera. Aliniambia hongera ni zetu sote, na kwamba jina langu litakuwa pamoja na lake popote punje hizi zitakapoandikwa. Nikarudi kwenye vibandiko, nikabandika kimoja kichwa chini.

Nilirudi nyumbani nikiwa tayari na hoja. Leso ilikunjwa mara mbili. Ndoo ya kwanza niliitazama. Mwalimu ni bingwa, na bingwa angeitambua punje ya juzi. Hoja zote tatu zilifika salama hadi mlangoni kwetu, na hapo zikaanza kupungua. Jumapili mchana, mama alipotoka kwenda kumwona mgonjwa, nilichukua mchele wa dukani nikaupika kidogo, nikauunguza. Nikachukua mwingine mbichi nikauunguza vilevile, katika kikopo cha maziwa kilichofunikwa mchanga, kama tulivyofundishwa. Jikoni palijaa moshi. Mama aliporudi alisimama mlangoni na buibui lake, akatazama vikopo sita vimepangwa sakafuni, akauliza kama hiki pia ni kisomo.

Nilikuwa na kioo kidogo cha kukuzia. Nilizitandaza punje zangu juu ya karatasi nyeupe na kuzichanganya, kisha nikajaribu kuzitenga, zilizopikwa huku na mbichi kule. Baadhi zilijulikana. Nyingi hazikujulikana. Moto huzivimbisha zote na kuzipasua zote, na ile iliyoungua chini kabisa ya chombo, ikakauka kabla ya kuiva, hakuna jicho linaloweza kuapa juu yake. Niliyafanya haya mara tatu, kwa sababu sikupenda majibu.

Jumatatu nilikwenda kazini nikafanya kazi. Mwalimu alikuwa anazichora punje kwa penseli. Alikuwa anachora vizuri sana. Nilikuwa nimeamua nitasema akimaliza ya kwanza. Akamaliza, akaanza ya pili, na mimi nikaenda kununua betri. Njiani nilijiambia kwamba maabara itasema yenyewe. Alikuwa na nafasi ya kupeleka punje mbili kupimwa umri, nje ya nchi, na kipimo hicho hakidanganywi na leso. Basi kwa nini niseme, ikiwa kipimo kitasema? Lakini majibu yangechukua miezi, na kikao kilikuwa Alhamisi. Angesimama mbele ya watu wale wale waliomwambia kwa adabu awaonyeshe punje, na awaonyeshe. Na kama ni za arusi, angekuja kuambiwa baadaye, kwa adabu ile ile.

Nilifikiria pia barua yake. Alikuwa ameahidi kuniandikia ya kunipendekeza niendelee na masomo. Sitaki kuificha hiyo. Niliifikiria barua zaidi ya mara moja.

Jumanne asubuhi nilimkuta amekaa na kikombe chake, hajaanza kuchora. Nilibaki nimesimama.

"Mwalimu, kuna jambo kuhusu maji."

"Maji gani?"

"Ya mfuko wa mwisho."

Nikamweleza. Nilianza na jabia na kina mama na aibu, akaninyooshea kiganja, nirudi kwenye maji. Nikasema masufuria. Nikasema wali. Aliweka kikombe chini bila sauti.

"Ndoo ngapi?"

"Nne. Tatu nilizichuja."

"Na moja?"

"Ilimiminwa kabla sijarudi na leso."

"Nani aliimimina?"

"Kosa ni langu, mwalimu."

"Sikuulizi kosa la nani. Nauliza mkono wa nani, nijue kama ilimwagwa yote au yaliachwa masalia."

Nikamwambia ilimwagwa yote. Aliuliza kama wali ulikuwa wa nazi. Aliuliza kama ni mchele wa dukani au wa kutwangwa, na mimi sikujua. Aliandika majibu yangu pembeni mwa mchoro wa punje ya pili, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Halafu akauliza nilijua tangu lini. Nikasema nilikuwa na wasiwasi tangu Jumamosi.

"Siku tatu umeniacha nifurahi," alisema.

Angenitukana ningeweza kulia, na ningelia ningepumzika. Hakunitukana. Aliinuka akachukua simu yake, akamuuliza mtu saa za boti ya kesho ya Mtangawanda, gati la Pate, kisha akaniuliza kama ile akiba niliyoiacha kule iko kavu.

Jumatano tulipanda boti ya abiria asubuhi. Hatukuzungumza njiani, ila aliponiambia nisogeze mguu. Kutoka gatini Mtangawanda tulichukua pikipiki mbili, na mimi nyuma ya dereva wangu niliwaza kwamba mfuko umekwisha kutupwa, umeloa, umepasuliwa na kuku, umetumika kujazia shimo uani. Tulipofika mama wa nyumba alitupeleka chini ya ngazi. Mfuko ulikuwa juu ya kisanduku, umefunikwa na mkeka mkuukuu ili kuku wasiufikie, na kamba yangu ilikuwa vilevile. Niliona haya mbele ya mama yule kwa yote niliyoyawaza.

Mwalimu, tofauti na mimi, hakuzunguka. Baada ya salamu, na baada ya kuulizwa hali za watu wote na kujibu, alimwambia mama yule kilichotokea: kwamba tunatafuta mchele wa kale, na kwamba huenda tumepata wa arusi yao. Mama alicheka kwanza. Aliita jirani aje asikie, wakacheka wawili. Kisha alinigeukia, na kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Na mbona hukwenda jabiani?"

Nikasema niliona nimechota mengi. Nikasema mvua hazikunyesha, na watu wana watoto.

"Kuna mtu alokwambia?"

"Hapana, mama."

"Mai ni yetu," alisema. "Kupa ni shauri yetu, na kunyima ni shauri yetu. Wewe umetukatia shauri, hukutupa hata nafasi ya kukataa." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mtoto mkubwa jambo alilopaswa kulijua. Kisha akachukua ndoo mbili akatoka, jirani akachukua nyingine mbili, na nilipoinuka kuwafuata mwalimu alinishika mkono nikae.

Tulifua ile nusu ya akiba uani mchana ule. Pipa lilisuguliwa kwa majivu na kusuuzwa mara mbili. Kina mama walikaa barazani kutazama, na safari hii walinyamaza, na mimi sikujaribu kuusoma ule unyamavu. Mwalimu alikoroga mwenyewe. Mkono wake uliingia ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko, ukizunguka taratibu, na macho yake yalikuwa juu ya maji. Vilivyoelea alivipokea kwa wavu, tukavitandaza kivulini juu ya kitambaa, tukasubiri vikauke kidogo huku tukila samaki wa kukaanga na mkate wa mofa tulioletewa. Sikuona ladha yake.

Halafu alitoa kioo cha mkononi. "Kifuu," alisema. "Mtama. Mtama. Kunde, nusu. Mtama." Alikwenda mpaka mwisho wa kitambaa, akarudi mpaka mwanzo. Mama wa nyumba aliuliza kwa sauti ndogo kama mchele umo. Mwalimu akatikisa kichwa.

Nilitaka aseme kwamba basi zile nne ni za arusi, nihukumiwe, iishe. Hakusema. Kwenye pikipiki, kabla hatujaondoka, alisema kwamba nusu moja ya mfuko kukosa mchele hakumaanishi nusu ya pili haikuwa nao. Punje nne katika udongo ule zingeweza kuangukia upande wowote.

"Huenda ulikuwemo," alisema. "Lakini kesho siwezi kuutaja."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichokifanya. Kwa siku nne niliogopa kwamba maji yangu yametengeneza uongo. Sikuwa nimewaza kwamba yanaweza kuwa yameharibu ukweli.

Kikao kilikuwa Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri. Nilikaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Mwalimu alizungumza juu ya mtama na kunde na juu ya watu waliofyeka vichaka vya Pate wakaanza kulima, na alizungumza vizuri, kwa utulivu, bila karatasi. Picha za punje nne alikuwa ameziondoa. Wakati wa maswali, mzee mmoja mwenzake, mtu wa kuta na makaburi, alisimama. Akasema amefurahi sana, ila kuna rafiki yao wa zamani hakumwona leo. Mchele wa Daktari je, umeiva?

Watu walicheka, walimjua.

"Uko jikoni," mwalimu alijibu, na akacheka pamoja nao.

Nilitazama sakafu. Katika chumba kile ni wawili tu tuliojua kwamba alikuwa nazo punje nne mkobani mwake, ndani ya kichupa, na kwamba angeweza kukitoa.

Alistaafu mwezi uliofuata. Alipeleka punje mbili kwenye maabara. Kuzipima ni kuzichoma, hazirudi, kwa hiyo alizichora tena kwanza, kila upande. Barua yangu hakuitaja, na mimi sikuthubutu kuikumbusha. Mradi ulipokwisha nilirudi kukaa katika duka la baba, nikipima sukari na kutuma maombi ya kazi. Kila simu ilipolia niliamini ni yeye, na ilipokuwa si yeye nilishusha pumzi, kisha nikaudhika kwamba si yeye.

Siku aliyopiga nilikuwa nafunga unga wa mteja. Hakunisalimia kwa urefu.

"Ya kwanza ni ya juzi," alisema. "Ya arusi."

Nilimwambia mteja asubiri. Nilikwenda nyuma ya magunia. Nikasema, mwalimu, nisamehe.

"Subiri. Ya pili ni ya kale. Ya tabaka lile lile, binti. Ni ya wale watu."

Aliendelea kusema kwa sauti ya kawaida kwamba zile mbili zilizobaki hazitapimwa, hakuna nafasi, na kwamba hatutajua kamwe ni za upande gani. Niliuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza swali hilo, kama ningenyamaza, si angekuwa amesema kweli Alhamisi ile, mbele yao wote?

"Ningesema kweli kwa bahati," alisema. "Sitaki."

Alikuwa anaandika makala, na punje moja ya kale ilikuwa inatosha kuandikwa, lakini tu ikiwa ile ya arusi itaandikwa pamoja nayo, na jinsi ilivyoingia, bila kuficha ndoo hata moja. Asingeeleza, mtu yeyote angeuliza mchele wa juzi ulifikaje chini ya shimo, na mbegu zote mbili zingetupwa pamoja. Aya hiyo alitaka niiandike mimi, kwa mkono wangu, na jina langu juu. Aliongeza kwamba barua yangu amekwisha kuituma tangu wiki ya kikao, na alidhani nimeambiwa.

Nilimaliza kufunga unga. Nilikaa na daftari la duka nikaandika sentensi tatu, nikasimama. Ya nne ilikuwa inataja masufuria ya watu. Zamani ningeendelea, nikiwaza siku nzima kama watachukia. Nilichukua simu nikampigia mama wa nyumba kule Pate, nikamsomea nilichoandika, nikamuuliza kama tunaweza kukiandika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alifurahi kwamba mchele wa wazee umepatikana, akasema yeye alijua. Kisha akasema niandike yote, ila nisiseme kwamba wali uliungua.

Nilimweleza kwamba hapo ndipo penye jambo lenyewe. Bila wali kuungua hakuna punje nyeusi. Alisema anaelewa, lakini arusi haikuwa yake, na mama wa bibi arusi ni mtu anayejulikana kwa wali wake, na jambo hili litasomwa na watu wa nchi nyingine. Lazima aulizwe. Niliuliza, na akikataa?

"Akikataa, amekataa, mwanangu."

Basi nikasubiri. Nilipima sukari nusu kilo mahali pa kilo, baba akanitoa kwenye mizani. Niliwaza mwalimu na miaka yake yote, na kwamba punje yake sasa imo mkononi mwa mama mmoja wa Pate anayelinda sifa ya sufuria yake, na kwamba haki ni yake kabisa. Mara mbili nilishika simu nimwombe mama wa nyumba anisemee vizuri. Mara mbili niliiweka.

Mama wa nyumba alipiga baada ya sala ya alasiri. Mama wa bibi arusi alikuwa ameuliza maswali mengi, hasa kama picha itakuwemo. Mwishoni alikubali, kwa sharti moja. Masufuria yalikuwa sita, na lililoungua ni moja tu, kwa sababu mpishi wa lile aliitwa kwenda kumwona bibi arusi akasahau moto. Hayo yaandikwe.

Niliandika hivyo: sufuria moja, kati ya sita. Mwalimu aliporudisha rasimu alikuwa amekata karibu nusu ya maneno yangu, maelezo yote ya aibu na ya kina mama waliokohoa. Sentensi ya sufuria aliiacha kama ilivyo.